Usukani Uliohama Upande: Majipu na Mafundi wa Lualaba

Anayesimama kando ya barabara ya Dilolo, mji wa mpakani wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anaweza kukisia gari limepitia bandari gani bila kuuliza karatasi zake. Atazame tu dereva ameketi upande gani. Akiwa kushoto, huenda gari lilinunuliwa jipya na kampuni ya madini, au limevuka kutoka Luau, mji wa Angola ulio ng'ambo ya mpaka. Akiwa kulia, karibu hakika gari hilo ni la Kijapani lililotumika, likashushwa Dar es Salaam au Durban na kupanda barabara za Zambia mpaka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo. Lipo pia kundi la tatu, gumu zaidi kulitambua. Hayo ni magari yaliyotoka kiwandani na usukani kulia, kisha fundi akauhamishia kushoto.

Kongo huendesha kulia, na Angola vilevile. Zambia huendesha kushoto, sawa na Tanzania. Nchi tatu, Kongo, Angola na Zambia, hukutana kwenye pembe moja isiyofika kilomita 200 kutoka Dilolo kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo Lualaba, jimbo la Kongo ambamo Dilolo imo, limekaa pale ambapo sheria mbili za barabara hugusana, na upande wa usukani hapa umefuata mlango ambao biashara ilipitia. Mlango wa magharibi ulipokuwa wazi, magari yalikuja namna moja. Ulipofungwa, yakaja namna nyingine, na kazi mpya ya mafundi ikazaliwa.

Reli ya kwanza kufika kwenye ukanda wa shaba wa Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Lualaba, ilitoka kusini, katika makoloni ya Waingereza, ikaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Wenye mali walitaka njia fupi ya kufika Atlantiki. Robert Williams, Mskoti aliyeifahamu Katanga tangu mwanzo wa uchimbaji, alipewa kibali na Wareno, watawala wa Angola, mwaka 1902, na mwaka uliofuata ujenzi ukaanza kwenye bandari ya Lobito. Kazi ilichukua zaidi ya robo karne. Reli ilifika Luau mwaka 1929 baada ya kukata kilomita 1,344 za Angola, na mwaka 1931 ikaunganishwa na reli ya Katanga iliyotoka Tenke hadi Dilolo. Dilolo, mji mdogo ulio mbali na migodi mikubwa, ukawa lango la shaba kuelekea baharini.

Wakati reli inakaribia mpaka, jambo jingine lilitokea. Mwaka 1928 Ureno ilihama kutoka kuendesha kushoto na kuanza kuendesha kulia, na Angola ikafuata. Msumbiji ilibaki kushoto kwa kuwa imezungukwa na makoloni ya Waingereza. Kwa hiyo treni za kwanza zilipopita Dilolo, barabara za pande zote mbili za mpaka zilikuwa zinatii kanuni moja. Gari lililoshushwa Lobito lilifaa Katanga bila kubadilishwa hata skrubu.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilianzisha mji wa Kolwezi mwaka 1937 uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Mji ulihitaji magari ya kufika mahali ambapo reli haifiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, magari hayo yalikuwa na sura mpya. Jipu la jeshi la Marekani lilikuwa limeonyesha kwamba gari dogo linalovuta kwa magurudumu yote manne linaweza kupita kwenye matope na mchanga, na viwanda vingine vikaingia mbioni.

Hapo ndipo swali la usukani lilipofika kwenye meza ya mhandisi. Mwaka 1947, ndugu wawili wa kiwanda cha Rover huko Uingereza, Maurice na Spencer Wilks, walikuwa wanafikiria gari la mashamba litakalouzwa dunia nzima. Gari lao la kwanza la majaribio, lililojengwa juu ya chesisi ya jipu la jeshi, liliwekwa usukani katikati kabisa. Wazo lilikuwa kutengeneza gari la namna moja litakalofaa nchi za kulia na za kushoto. Kwa dereva lilikuwa na usumbufu mwingi, na likaachwa. Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikuja kwa matoleo mawili, la kulia na la kushoto.

Hata hivyo wazo lile liliacha alama. Kwenye Land Rover za mwanzo, mita zote zilikaa katikati ya dashibodi, hivyo usukani ungeweza kuwa upande wowote bila kuzihamisha. Ubelgiji yenyewe, iliyoitawala Kongo wakati huo, iliagiza gari hilo. Kuanzia mwaka 1951 kiwanda cha Minerva kiliunganisha Land Rover kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo, zikiwa na usukani kushoto na mabawa ya mbele ya chuma yaliyoinama. Toyota ilifuata njia hiyo hiyo ya mita. Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1960, zilikuwa na mita kubwa katikati. Mafundi wa vizazi vya baadaye wangezishukuru gari hizo. Mambo yalianza kuwa magumu mita zilipohamia mbele ya dereva, kwenye Land Rover Series III mwaka 1971 na kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 60 mwaka 1980.

Wakati huo mlango wa magharibi ulikuwa umekwisha kufungwa. Mwaka 1975 Angola ilipata uhuru ikiwa ndani ya vita, na treni za kuvuka Dilolo zikasimama. Machi 1977 wapiganaji wa kundi la FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga waliokuwa wakiishi Angola, waliingia Shaba, jina la Katanga wakati huo, kutoka magharibi na kushika miji ya mpakani, Dilolo ikiwemo. Mei 1978 waliingia Kolwezi kwenyewe, na askari wa miavuli wa Ufaransa wakarushwa juu ya mji. Baada ya vita hivyo viwili, hakuna mfanyabiashara aliyeweza kutegemea njia ya Lobito. Shaba ya Gécamines, kampuni ya dola iliyoirithi Union Minière, ikapelekwa kwa njia ndefu ya ndani ya nchi kupitia Ilebo hadi Matadi, au kusini kupitia Zambia hadi bandari za Afrika Kusini.

Gécamines ilikuwa na nguvu bado. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na garaji zake zilikuwa shule. Kijana aliyepita humo alijifunza kuchomelea, kusoma mchoro wa umeme na kupima breki kwa vifaa. Kisha kuporomoka kukaja kwa haraka. Mgodi wa Kamoto ulianguka Septemba 1990, mwaka mmoja baadaye nchi ikakumbwa na uporaji, na kufika mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika tani 50,000. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara. Wengi waliojua kazi ya mikono walifungua garaji zao chini ya mwembe au mbele ya nyumba, huko Manika, Dilala na kwingineko Kolwezi.

Katika miaka hiyo hiyo mlango wa mashariki ulifunguka kwa wateja wa aina mpya. Japani ina ukaguzi wa lazima ambao huwagharimu wenye magari fedha nyingi kadiri gari linavyozeeka, na kwa hiyo Wajapani huyaachia magari yakiwa bado na uhai mrefu. Meli ziliyaleta Dar es Salaam. Madereva wa kukodiwa waliyapeleka Tunduma, wakavuka Zambia, wakaingia Kasumbalesa, na siku chache baadaye yalikuwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Bei ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya gari jipya. Lakini Japani huendesha kushoto, na kila gari lilikuja na volan ya kuume, kama watu wa Katanga wanavyosema.

Wingi wa magari hayo uligeuza maisha ya barabarani. Dereva aliyeketi kulia katika nchi inayoendesha kulia, akiwa nyuma ya lori la madini, haoni kinachokuja mbele. Ni lazima alitoe karibu gari zima kwenye njia ya wengine ndipo aone, au amtegemee abiria wa kushoto amwambie kama kuko salama. Basi dogo la Kijapani lina mlango wa pembeni upande wa kushoto, hivyo abiria wa Kolwezi hushukia katikati ya barabara badala ya kushukia kando. Taa kubwa nazo zimetengenezwa ziangaze ukingo wa kushoto wa njia. Huku kwetu ukingo huo ndiko anakotoka dereva mwenzako, na mwanga humpiga machoni.

Kwa mtu wa mjini matatizo hayo yanavumilika. Kwa mwenye jipu linalotakiwa kwenda Mutshatsha, Kasaji mpaka Dilolo, zaidi ya kilomita 400 za njia ambayo wakati wa mvua ni matope na wakati wa kiangazi ni mchanga, kuona mbele ni suala la uhai. Ndiyo maana kazi ya kuhamisha usukani ilipata wateja.

Kazi yenyewe ina matabaka matatu. La kwanza ni la chuma. Kwenye Land Cruiser kuukuu boksi la usukani limefungwa juu ya chesisi, nalo husukuma mkono unaovuta magurudumu. Fundi mwangalifu hatumii boksi la kulia upande wa kushoto. Hutafuta lililotengenezwa kwa upande huo, kutoka kwenye gari lililokufa, kisha hupima mashimo na kuimarisha chesisi mahali linapokaa. Kwenye gari zinazotumia reki yenye meno badala ya boksi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu reki iliyopinduliwa bila kufikiri inaweza kulipeleka gari kushoto wakati dereva anazungusha usukani kulia. Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na chumba cha dereva nao hukatwa matundu mapya, na ya zamani huzibwa kwa bati lililochomelewa.

Tabaka la pili ni pedali. Klachi na breki zinapaswa kuhama pamoja na silinda zake na mabomba yake. Wapo wanaopunguza gharama kwa kuiacha silinda ya breki kulia na kupitisha fimbo ndefu kutoka pedali ya kushoto. Fimbo hiyo hujipinda kidogo kila inapokanyagwa, na upinde huo hula nguvu ya breki. Dereva hulijua tatizo hilo mteremkoni.

Tabaka la tatu, lililo jembamba kuliko yote, ni nyaya, na ndilo linalotenganisha fundi na mbabaishaji. Swichi ya kuwashia, taa za kuonyesha njia, vifuta kioo, mita na honi zote zilipangwa zikutane kulia. Zikihamishwa, nyaya hazifiki, na kila waya hulazimika kuungwa. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe hufanya kazi siku ya kwanza. Baada ya mitikisiko ya njia ya Kasaji hulegea, hupata joto, na vumbi pamoja na unyevu hukimalizia. Kiungo kilichochomelewa kwa risasi na kuvikwa mfuko wa plastiki hudumu. Waya unaopita kwenye tundu la bati huhitaji mpira wa kuzunguka tundu, la sivyo makali ya bati hukata ngozi ya waya, na umeme ukigusa bodi kabla ya fyuzi, moto huanzia hapo.

Wakati huo huo wengi hubadilisha usukani wenyewe, kwa sababu ule wa zamani umepasuka kwa jua au umelainika kwa jasho la miaka 30. Usukani wa dukani hauingii moja kwa moja kwenye shafti. Unahitaji kitovu cha kuunganisha ambacho meno yake ya ndani yanalingana na meno ya shafti ya gari hilo. Katika kitovu hicho ndimo fumbo la honi lilimojificha. Katika gari nyingi za zamani, umeme wa betri umekwisha kufika kwenye rilei ya honi, na kitufe cha usukani hufanya kazi moja tu, kuukamilisha mzunguko kwa kuugusisha kwenye bodi ya gari. Usukani unazunguka, kwa hiyo waya haupelekwi moja kwa moja. Pini yenye springi husugua pete ya shaba nyeupe iliyo nyuma ya usukani. Kitovu kikiwa kifupi au kirefu kupita kiasi, pini haigusi, na honi hunyamaza. Ikigusa vibaya, honi hulia kila kona.

Kwenye kitovu hicho hicho kuna vijino vinavyozima taa ya kuonyesha njia gari likimaliza kupinda. Fundi akikiweka kitovu bila kutazama vijino hivyo, taa hubaki ikiwaka kwa kilomita nyingi, na kwenye barabara yenye malori dereva wa nyuma huamini kwamba gari la mbele linakata kona.

Magari ya Japani yana mtego mwingine. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizouzwa ndani ya nchi hiyo zilitumia umeme wa volti 24, wakati vifaa vingi vya dukani ni vya volti 12. Rilei au honi ya volti 12 ikifungwa humo huungua upesi. Na kuanzia miaka ya 1990 ulikuja mfuko wa hewa ndani ya usukani, ulio na kilipuzi chake. Maelekezo ya Toyota humtaka fundi atoe waya wa betri na kungoja angalau sekunde 90 kabla ya kuugusa. Utepe wa umeme uliokunjwa chini yake una mizunguko yenye kikomo. Usipowekwa katikati, hukatika gari linapopinda mwisho. Usukani wa dukani kwa kawaida hauna mfuko huo kabisa. Wapo wanaoweka kipingamizi kidogo cha umeme ili taa ya onyo izime, na mwenye gari akaamini bado analindwa. Huo ni udanganyifu unaoweza kuua, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Lualaba haiko peke yake katika kazi hii. Huko Sharjah na Dubai, karakana za viwandani zimebadilisha magari ya Kijapani kwa miaka mingi kabla ya kuyasafirisha Afrika na Asia ya Kati. Ufilipino ilitunga sheria mwaka 1998 ya kuzuia magari ya usukani wa kulia, na karakana za kuyageuza zikastawi katika bandari ya Subic. Rwanda iliyazuia yasiingizwe mwaka 2005. Nchi nyingine zilichagua kuhamisha barabara badala ya usukani: Ethiopia mwaka 1964, Uswidi mwaka 1967, Nigeria mwaka 1972, Ghana mwaka 1974. Zote hizo zilihamia kulia, na kila moja ililazimika kugharimia alama, mabasi na makutano mapya.

Kongo haikuwa na haja ya kuhamisha barabara. Ilijaribu kuzuia magari. Serikali ya Kinshasa imetangaza zaidi ya mara moja kwamba usukani wa kulia haukubaliki, na mwaka 2012 ilitoa dekreti dhidi ya kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 10. Hoja ya usalama ina ukweli, kama ile milango ya mabasi inavyoonyesha. Lakini Katanga iko karibu na bandari za Bahari ya Hindi kuliko Matadi, na gari jipya lenye usukani kushoto ni la kampuni, si la mwalimu wa Kasaji. Amri isiyoleta gari la bei nafuu badala ya lile inalokataza huishia kwenye kizuizi cha barabarani, ambako dereva hulipa na kupita. Garaji nazo zimeachwa peke yake. Gari linaweza kubadilishwa usukani, breki na nyaya, likarudi barabarani bila mtu wa dola kulikagua baada ya kazi. Ukaguzi wa aina hiyo ungewalinda abiria, na pia ungempa fundi aliyefunzwa Gécamines cheti cha kumtofautisha na aliyejifunza kwa kubahatisha.

Sasa mlango wa magharibi umefunguka tena. Kampuni ya Kichina iliijenga upya reli ya Angola mpaka Luau, ikazinduliwa Februari 2015. Machi 2018 mabehewa ya manganizi ya Kisenge, mgodi ulio ndani ya eneo la Dilolo, yalivuka mpaka baada ya zaidi ya miaka 40. Mwaka 2023 uendeshaji wa reli hiyo ulikabidhiwa kwa muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, na mwaka huo huo Angola, Kongo na Zambia zilikubaliana na Marekani, Umoja wa Ulaya na benki za maendeleo juu ya tawi jipya la takriban kilomita 800 kutoka Luacano, Angola, hadi Chingola, Zambia.

Mradi huo ukikamilika, shaba ya Kolwezi na ya Zambia itaelekea Lobito kwa wingi zaidi, na magari yenye usukani kushoto yataweza kupanda kutoka pwani ya Atlantiki kwa bei inayoweza kushindana na ile ya Dar es Salaam. Tawi la Chingola litaanzia nchi inayoendesha kulia na kuishia nchi inayoendesha kushoto. Maelfu ya majipu ya volan ya kuume yaliyomo Lualaba leo yana miaka mingi ya kazi mbele yake, na wenye nayo wataendelea kuuliza garaji za Kolwezi maswali mawili: boksi la kushoto linapatikana, na nani hapa anajua nyaya?